Kabla ya kwenda Mwea kutazama ndege

Mwea ni mashamba ya mpunga ya kumwagilia, kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya. Jambo la kwanza si kamera utakayobeba, ni mpunga umefikia wapi. Ukiwa mbichi na umeshikana hadi kiunoni, hata korongo hupotea humo, nawe utarudi Nairobi umeona majani tu. Unachotafuta ni shamba lenye maji linalovurugwa na trekta au ng'ombe, kwa kawaida Julai na Agosti msimu mkuu unapoanza, au lile lililotoka kuvunwa mwishoni mwa mwaka. Trekta likipita, yangeyange hulifuata kwa msururu, wakidona kila kinachofukuliwa. Mimi humpigia simu mama mmoja wa Ngurubani, mji wa hapo Mwea, anayeniuzia mchele wa pishori, nikamwuliza wiki hii wanalima upande gani. Simu hiyo imenifaa kuliko kitabu chochote cha ndege.

Ukienda kati ya Oktoba na Aprili, tazama pia kwenye matuta. Hapo hukimbiakimbia ndege wadogo wa njano watikisao mkia, waliokuja kukwepa baridi ya Ulaya na Asia.

Ondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Ni kama kilomita 100 kupitia Thika na Makutano, na ikigonga saa nne jua limeshachemsha hewa juu ya maji, kila kitu kinacheza ndani ya darubini. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Jaza soksi mchele, ifunge, uilaze dirishani uegemeze kamera juu yake. Zima injini, lakini usishuke. Ndege wa pale wamezoea magari na bodaboda. Mtu wa miguu wanamjua kuwa ndiye yule wa kombeo na debe anayewafukuza mpunga unapoiva.

Wa kumtafuta kwa bidii ni korongo mweusi ambaye mdomo wake haufumbi katikati. Akisimama ubavu utaona mwanga ukipenya, kana kwamba ameuma kijiti kisichoonekana. Chakula chake ni konokono, na Mwea haina uhaba: tangu 2020 imevamiwa na konokono wa asili ya Amerika Kusini wanaokata miche, balaa tupu kwa wakulima. Mayai yao ya waridi hung'ang'ania mashina juu ya maji. Nikiyaona, huegesha hapo na kungoja.

Kuegesha nako kuna adabu yake. Njia za kando ya mifereji ni nyembamba, na matrekta yana haraka kuliko wewe; salimia, sema umekuja kuangalia ndege, uwaache wakucheke kidogo. Halafu tazama mbingu. Ule udongo mweusi ukikauka ni tofali, ukinyeshewa ni ulimbo. Siku moja niliona wingu upande wa Mlima Kenya nikajipa dakika kumi zaidi. Nilivutwa na trekta, na mwenye trekta alitaja bei bila hata kunitazama usoni. Siku hizi kamba haitoki kwenye buti la gari.

Beba gambuti, ila usiingie majini hata nazo, kichocho kipo. Na ukimwona mtu mwenye bomba la dawa mgongoni, pandisha vioo upite, ukatafute shamba jingine.