Namna ya Kubakiza Zaidi ya Shilingi 1,200,000 kwa Mwaka Kutoka Matumizi ya Nyumbani: Mwongozo Kutoka Ujiji

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Ujiji, mkoani Kigoma, na nyumbani kwangu tunaishi watu sita. Mwaka uliopita tulibakiza shilingi 1,240,000 kutoka katika matumizi ya kawaida ya nyumba, bila kupunguza mlo hata mmoja wala kuchelewesha mahitaji ya shule ya watoto. Ninaandika hatua tulizozifuata kwa sababu nimekaa na wanachama wengi wanaoamini kuwa hawana cha kubakiza, na karibu kila mara nimekuta kwamba shida haikuwa kipato peke yake, bali pia namna ya kununua: vitu vya kila siku vinanunuliwa kwa vipimo vidogo, tena katika msimu ambao bei yake imepanda. Bei nitakazozitaja zimo katika daftari langu. Za kwenu zitatofautiana, lakini hesabu hufanywa kwa njia ile ile.

Hatua ya kwanza: Andika kila shilingi kwa siku 30

Tafuta daftari la kawaida, uliweke jikoni mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba analiona, na kila anayetoa fedha aandike siku hiyo hiyo alichonunua, kipimo chake na bei. Usibadilishe chochote mwezi huo. Mwisho wa mwezi, jumlisha kwa aina ya kitu na si kwa siku, kisha panga kuanzia jumla kubwa hadi ndogo. Kwetu tulidhani kodi na nauli ndizo zinazotumaliza, kumbe mandazi ya asubuhi yalichukua shilingi 72,000 kwa mwezi: mandazi 12 kila siku, kila moja shilingi 200. Mkaa ulifuata kwa shilingi 60,000.

Hatua ya pili: Anza na kitu kinachonunuliwa kila siku

Mkaa tulikuwa tukiununua kwa mafungu mawili ya shilingi 1,000 kila siku. Tulipoanza kununua gunia kwa shilingi 35,000, lilitutosha mwezi mzima, kwa hiyo tofauti ikawa shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Gunia lakini halitoshi kama jiko linavujisha moto. Tumia jiko banifu, funika sufuria, na loweka maharage tangu usiku. Maharage yakishachemka kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 15, unaweza kuyaipua na sufuria yake iliyofunikwa, ukaifukia ndani ya kapu lililojazwa vitambaa au majani makavu ya migomba, nayo yakaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe bila kutumia mkaa zaidi. Usiruke ule mchemko wa kwanza, kwa sababu maharage yasiyochemshwa vizuri hudhuru tumbo.

Asubuhi tulibadilisha vitafunwa: siku nne za wiki tunachemsha muhogo au viazi vitamu, na siku tatu tunakaanga mandazi wenyewe. Gharama ilishuka kwa shilingi 35,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni 420,000. Hiyo ndiyo akiba kubwa kuliko zote katika daftari letu.

Hatua ya tatu: Nunua chakula cha mwaka kwa msimu wake

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie, kwa sababu hatua hii ina faida kubwa na pia ndiyo yenye hasara kubwa ikifanywa kwa haraka.

Mwezi Juni, mvua zikiwa zimekwisha, gunia la mahindi la kilo 100 tulilipata kwa shilingi 60,000, ilhali mwaka wa nyuma, tulipokuwa tukinunua kidogo kidogo, kila gunia lilitugharimu wastani wa shilingi 88,000. Kwa magunia sita tuliokoa shilingi 168,000. Maharage ya Kasulu tulinunua kilo 120 tukaokoa shilingi 700 kwa kila kilo, yaani 84,000.

Kabla ya kuhifadhi, hakikisha nafaka imekauka. Chukua chupa safi iliyokauka, tia konzi moja ya nafaka na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina unyevu na irudishwe juani. Ikikauka, itie katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ile inayoitwa kinga njaa, na kamua hewa yote kabla ya kufunga kila tabaka kwa kamba peke yake. Wadudu waliomo ndani hufa kwa kukosa hewa, hivyo huhitaji dawa. Panga mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, na uizuie na panya, kwa sababu tundu moja tu huharibu kazi yote. Mwanachama mwenzetu mmoja alihifadhi maharage yenye unyevu na yakaota ukungu. Chakula chenye ukungu hakiliwi, hata kama kilinunuliwa kwa bei nzuri.

Dagaa wana kalenda yao, nayo ni mwezi wa angani. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavuta dagaa kwa taa usiku, na wakati wa mbalamwezi mwanga wa taa hupoteza nguvu, samaki hupungua na bei hupanda. Nenda mwalo wa Kibirizi siku zisizo na mbalamwezi, ununue wa wiki kadhaa. Chagua waliokaushwa juu ya chanja badala ya mchangani, kwa kuwa wa mchangani unalipia na uzito wa mchanga. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, familia zilizokuwa na akiba ya dagaa wakavu ziliona thamani yake. Mawese nayo nunua kwa dumu la lita 20, au changieni dumu moja majirani wawili.

Hatua ya nne: Kagua LUKU, umeme wa kulipia kabla

Angalia shilingi 1,000 inakupa uniti ngapi. Kwa bei ninazonunulia, nyumba iliyo katika kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hupata uniti kama 8, wakati nyumba ya kundi la kawaida hupata 2.8 hivi. Usichanganye hesabu hii na kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa hapo hapo. Sisi tuko kundi la kawaida, na tulibadilisha balbu tatu za wati 60 kwa za LED za wati 9. Zikiwaka saa tano kila siku, zinaokoa uniti 279 kwa mwaka, ambazo kwetu ni takriban shilingi 99,000.

Kutoa fedha kwenye simu, fanya mara moja au mbili kwa mwezi ili kupunguza makato. Michango ya harusi na misiba ipangie fungu lake mapema. Dawa, chakula cha watoto na matunzo ya wazazi visiguswe kabisa.

Hatua ya tano: Ondoa akiba nyumbani kila wiki

Fedha iliyookolewa ikikaa kwenye pochi, itatumika. Kila Jumamosi ninahesabu tofauti ya wiki na kununua hisa kikundini kabla sijapita sokoni. Mwanzoni tulikuwa tukifunga mzunguko wa kikundi na kugawana akiba mwezi Desemba, na fedha iliishia kwenye sikukuu. Niliomba tuhamishie mgawo mwezi Juni, wanachama wakakubali baada ya vikao viwili vya majadiliano marefu. Tangu hapo, mgawo hutufikia nafaka ikiwa nyingi sokoni: kwangu shilingi 360,000 zilinunua mahindi, 216,000 maharage, na 40,000 mifuko minane ya kuhifadhia, ambayo ikitunzwa bila kutoboka hutumika tena msimu unaofuata. Kama huna kikundi, anza na gunia moja mwezi Juni, na ile tofauti ya bei uiweke kando kwa ajili ya magunia mawili ya mwaka unaofuata.