Cheti cha SAP, Microsoft na wenzake: kabla hujatoa hela yako, soma hii

Vijana waliomaliza uhasibu au TEHAMA pale MUST (chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya) na vyuo vya Iringa swali lao ni moja, nichukue cheti gani cha mifumo ya makampuni, yaani programu za kuendesha hesabu, stoo na manunuzi kama SAP, nipate kazi. Mimi nawarudishia swali, unataka nani akulipe? Maana hivi vyeti vina wateja wawili na hawafanani kabisa.

Wa kwanza ni kampuni zinazouza na kufunga hiyo mifumo, ukitaka kuzipata wengi inabidi ushuke Dar au uvuke Nairobi. Hawa wanakihitaji kweli. Microsoft tangu 2022 inawapima patna wake, yaani kampuni zinazouza na kufunga mifumo yake, kwa pointi na sehemu ya pointi hizo inatokana na wafanyakazi wangapi wana vyeti, kwa hiyo ukiingia na MB-800 (ule mtihani wa Business Central, mfumo wa Microsoft wa kampuni ndogo na za kati) unaweza kuwaongezea pointi hata kabla hujaonyeshwa meza yako. Hapo cheti ni hela.

Wa pili ndio huyu wa kwetu: kiwanda cha chai Mufindi, mnunuzi wa kahawa Mbozi, wale wa maparachichi Njombe, hospitali, sakosi. Huyu habari za pointi hana. Shida yake ni kwamba kompyuta inasema stoo kuna gunia 400, ukienda kuhesabu zipo 371, na mwisho wa mwezi ndio huo. Anayemaliza hilo ndio anapewa kazi, cheti atakiuliza baadaye kama atakumbuka.

Sasa fanya hivi. Zunguka kwanza uulize wanatumia mfumo gani, na usimuulize bosi, muulize mhasibu na mtu wa stoo, hao ndio wanaokaa nao kutwa. Utakutana sana na Tally (programu ya uhasibu), sehemu kibao ni Excel tupu, halmashauri wana MUSE, mfumo wa malipo, na hiyo ni ya serikali yenyewe, utaijua ukishaingia kazini. Ukiona kwa mwaka mzima mji mzima hujasikia mtu ametaja SAP na wewe kuhama huna mpango, basi cheti cha SAP kwako ni pambo la ukutani.

Halafu jifunze bure kabla ya kulipia chochote. Odoo Community na ERPNext, mifumo ya aina hiyohiyo, unashusha bila kulipa, bando tu. Tengeneza kampuni ya uongo inayonunua kahawa, ununue kwa gunia lakini stoo isome kilo, hapo tu utatoka jasho maana gunia hazilingani uzito na mfumo unataka namba moja. Ukimaliza ingiza invoisi ya fundi aliyetengeneza mashine, kazi ya 1,000,000 na VAT 18% inakuwa 1,180,000, kata kodi ya zuio (ile mlipaji anaikata na kuipeleka TRA) 5% kwenye ile milioni na sio kwenye jumla, yaani 50,000, fundi anapokea 1,130,000. Uone kama leja zako zinakubaliana na hiyo hesabu. Haya ya TRA mtihani wa Microsoft hauyagusi, wakati mteja wa Mbeya ndio anayoyataka, tena kila bajeti ya mwezi wa sita ikipita kuna kitu kinabadilika na simu yako itaita.

Ukishaweza hayo ndio uchague mtihani. Masomo ya Microsoft Learn ni bure, bei ya mtihani inategemea nchi kwa hiyo chagua Tanzania ndio uangalie, na kupasi ni 700 kati ya 1,000. Madampu, yale maswali ya mtihani yaliyoibwa, achana nayo. Kwanza ukikamatwa wanakufutia cheti, pili utapasi halafu kwenye intavyuu mtu anakuuliza invoisi imefika na mzigo bado haujapokelewa stoo unafanyaje, unabaki unaangalia dari.

Na ujue vinaisha muda. Vile vya Microsoft vya kazi maalumu (role-based, kama cha MB-800) ni mwaka mmoja, kuhuisha ni bure mtandaoni ila usipohuisha kwa wakati unarudia mtihani na unalipa tena. SAP nayo matengenezo ya kawaida ya ECC, mfumo wake wa zamani, hata kwa matoleo yake ya mwisho yanaisha mwisho wa 2027, kwa hiyo jamaa akikuuzia notsi za ECC eti ndio dili, muulize za S/4HANA, mfumo mpya uliochukua nafasi yake, ziko wapi.

Ukifanyia mtihani nyumbani kwa kamera, jina la akaunti lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi, meza iwe tupu, simu mbali, na ile programu ya kupima kamera na mtandao uijaribu siku moja kabla kwenye laptopu ileile. Betri ijae na uwe na laini ya pili, umeme wa huku unaujua mwenyewe. Waambie watoto wasifungue mlango, mtu mwingine akionekana kwenye kamera wanaweza kukusimamishia mtihani na hela imeenda.

Kwenye sivii usiandike jina la cheti peke yake. Chini yake weka mstari mmoja wa kazi uliyofanya, mfano "nimeunda mfumo wa manunuzi ya kahawa kwa gunia na kilo kwenye ERPNext, wenye VAT na kodi ya zuio", na uende na laptopu kwenye intavyuu ikiwa imewashwa.