Somo: Kusafisha sensa ya hewa ya gari nyumbani

Kila kiangazi malalamiko ni yale yale. Gari linavuta kwa uvivu, linatetemeka likisimama kwenye foleni, taa ya injini imewaka, na fundi ameshataja plagi, koili na pampu ya petroli kwa pumzi moja. Kabla hujafungua pochi, fungua skrubu mbili uitazame sensa ya hewa, yaani kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, ile ambayo mafundi wengi huiita MAF.

Sensa hii hukaa kwenye njia ya hewa, mara tu baada ya boksi la filta. Ndani yake mna waya mwembamba wa platinamu unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, umeme unaongezwa ili joto lisishuke, na kwa kiasi cha umeme huo kompyuta ya gari inajua hewa kiasi gani imeingia na petroli kiasi gani imwagwe. Vumbi likishikana na mvuke wa oili likaganda kwenye ule waya, unakuwa kama mtu aliyejifunika blanketi: upepo unavuma, yeye hana habari. Kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inabana petroli, na wewe kwenye mlima unakanyaga hadi mwisho bila kuona tofauti. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu ikiandika P0101 (usomaji wa sensa hii hauko sawa) au P0171 (petroli ni kidogo kuliko hewa), hapa ndipo pa kuanzia. P0102 na P0103 mara nyingi ni habari ya umeme, kwa hiyo angalia kwanza soketi na nyaya zake.

Wenye Toyota za VVT-i kama Premio, Allion, Wish, Spacio na Harrier ya 2400, somo hili ni lenu moja kwa moja. Subaru nyingi pia zinayo.

Vifaa

Bisibisi ya nyota inayoenea vizuri kwenye skrubu, tochi, kitambaa safi, na kopo la spreyi iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya kusafishia MAF. Kisekka na Ndeeba, kwenye maduka ya vipuri ya Kampala, utaipata ukiuliza maduka mawili matatu. Wa mikoani wasioipata watafute isopropili (pombe ya kusafishia) ya asilimia 99 kwa wauza kemikali za maabara, pamoja na chupa safi ya kupulizia.

Spreyi ya kabureta hapana. Ya breki hapana. Ni kali kwa plastiki, na ile ya kabureta huacha utando kwenye waya. WD-40 usiifikirie kabisa, maana inaacha mafuta palepale unapotaka kuyatoa. Petroli, ambayo gereji nyingi huichota kwenye kikombe na kuichovyea sensa, nayo ina viongezwa vyake vinavyobaki ikishakauka. Najua kuna watakaosema wamefanya hivyo miaka yote na gari linatembea. Linatembea, lakini sensa ni bei, na kopo moja la spreyi sahihi linatosha magari kadhaa.

Hatua ya 1: zima, subiri ipoe

Zima gari, toa ufunguo, acha injini ipoe. Fanyia kazi kivulini pasipo na upepo wa vumbi, mbali na sigiri na mbali na mtu anayevuta sigara. Dawa zote hizi zinashika moto.

Hatua ya 2: soketi

Bonyeza kile kilimi cha plastiki, kisha vuta soketi yenyewe. Usivute nyaya. Kwenye gari la miaka 20 plastiki imekauka kwa joto la injini na kilimi huvunjika kirahisi, kwa hiyo kikigoma, sukuma soketi ndani kidogo ndipo ubonyeze tena. Kabla ya kugusa skrubu, futa vumbi lote la juu na pembeni. Ukiruka hapo, vumbi hilo litadondokea ndani mara tu utakapotoa sensa.

Hatua ya 3: itoe

Kwenye Toyota nyingi ni skrubu mbili. Kandamiza bisibisi barabara kabla ya kuzungusha, kwani kichwa cha skrubu kikishalika, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima. Inyanyue sensa moja kwa moja juu bila kuipindapinda. Kuna pete ya mpira inayoziba hewa, usiipoteze. Funika tundu lililobaki kwa kitambaa.

Hatua ya 4: tazama kwanza, safisha baadaye

Hapa watu huwa na haraka, nami nawaomba msimame kidogo. Washa tochi, chungulia ndani ya kijitundu cha sensa. Utaona viuzi viwili vyembamba vimeshikiliwa na miguu ya chuma. Kwa nje kuna kidoti kama tone la gundi. Hicho hupima joto la hewa. Waya safi unang'aa. Waya mchafu una rangi ya kahawia au umevaa manyoya ya vumbi, na mara nyingine utakuta bawa la mdudu limenasa pale.

Aina ya uchafu inakueleza ulikotoka. Vumbi kavu jekundu maana yake filta imetoboka, haikukaa sawasawa, au boksi halifungi. Uchafu mweusi unaonata ni mafuta: ama umeweka filta ya kupakwa oili ukaizidishia, ama mvuke wa injini unarudi nyuma. Kama hukutengeneza chanzo, utarudi kwenye kazi hii baada ya safari chache za barabara za vumbi.

Hatua ya 5: puliza

Shika sensa kichwa kikitazama chini ili dawa itiririke nje na uchafu wake. Kaa umbali wa kiganja kimoja hivi, puliza kwa vipindi vifupi, kumi hadi kumi na tano, ukibadilisha pembe. Kile kidoti cha nje nacho usikisahau. Usiguse waya kwa chochote: si pamba ya masikio, si mswaki, si ncha ya kitambaa. Ukikatika, hakuna fundi wa kuuchomea.

Hatua ya 6: ikauke

Iweke juu ya kitambaa safi nusu saa. Usiipulize kwa mdomo, usiipashe kwa mashine ya kukaushia nywele. Wakati inakauka, futa ndani ya boksi la filta kwa kitambaa chenye unyevunyevu, na inua filta uielekeze kwenye jua. Ukiona nukta ya mwanga inapenya, nunua nyingine.

Hatua ya 7: rudisha

Rudisha na pete yake, kaza skrubu kwa nguvu ya vidole tu, sukuma soketi hadi ilie. Washa, acha injini ingurume dakika chache, kisha futa kodi kwa mashine.

Maswali ya wanachama

Dereva wa Arua: Mwalimu, huku hiyo spreyi hakuna. Waragi je? Si ni pombe tu?

Kaka, waragi ya dukani ni asilimia 40 hivi ya pombe, iliyobaki karibu yote ni maji. Ile ya kienyeji hata aliyeipika hajui ina nini. Dawa ya kutakasa mikono pia hapana, ina gliserini ya kulainisha ngozi na ile nzito ina jeli. Mwombe mtu wa basi akuletee kopo kutoka Kampala.

Mama wa Jinja: Fundi wangu aliipuliza kwa kompresa ya kituo cha mafuta, sasa gari inazimika kila nikisimama. Ameiharibu?

Huenda, dada yangu. Hewa ya kompresa ina nguvu ya kukata ule waya, na tangi lisilomwagwa maji hutema maji na oili. Jaribu hivi: gari likiwa limewaka, chomoa soketi ya sensa. Likizimika au likibadilika vibaya, sensa ilikuwa bado inasema kitu, kwa hiyo isafishe upya kwa dawa. Likitulia na kunguruma vizuri kuliko mwanzo, kompyuta imeacha kusikiliza taarifa za uongo, na hapo sensa yenyewe ndiyo mshtakiwa. Jaribio hili lenyewe huandika kodi, kwa hiyo ifute baadaye. Ukinunua ya mtumba, linganisha namba iliyoandikwa mgongoni. Umbo kufanana halitoshi.

Mwenye Kikumi (Corolla AE100), Mbarara: Nimetafuta asubuhi nzima, sioni sensa yoyote kwenye bomba.

Hutaiona. Injini ya 5A ya Corolla hizo hupima mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), ina sensa nyingine kabisa iliyounganishwa kwa mpira mwembamba. Angalia huo mpira, ukipasuka dalili zinafanana sana na hizi.

Mwanachama wa Hoima: Nimesafisha, bado P0171 inarudi.

Basi hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, baada ya sensa, bila kuhesabiwa. Kunja lile bomba la mpira kati ya sensa na throto (mlango wa hewa wa injini), mipasuko hujificha kwenye mikunjo upande wa chini. Kama ni zima, pima shinikizo la petroli.

Dereva wa Kabale: Kwenye mtandao wanasema injini ya 1800 ikikanyagwa mpaka mwisho isome karibu gramu 100 kwa sekunde. Mimi napata 80 hata baada ya kusafisha.

Mzee, takwimu hizo ni za pwani. Kabale iko kwenye mita 2,000 hivi, hewa huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano, na 80 yako inalingana kabisa. Usibadilishe kitu. Hapa Kampala, kwenye mita 1,200, tunapata katikati. Bila kukanyaga, injini ikiwa na moto na AC imezimwa, gramu 2 hadi 3 ni sawa kokote uliko.

Mwanachama wa Entebbe: Niisafishe kila baada ya muda gani?

Hakuna ratiba. Ichungulie kila unapobadilisha filta. Ikiwa safi, iache.

Mwenye Wish, Mukono: Nilifungua betri kwanza kwa usalama. Gari iko vizuri, lakini redio inaomba namba ya siri.

Redio nyingi za Toyota zilizotoka Japani hujifunga umeme ukikatika. Mafundi wa redio huitoa namba hiyo kwa kutumia ile inayoonekana kwenye kioo chake, kwa hiyo ipige picha uwapelekee. Siku nyingine betri iache mahali pake. Ukishatoa ufunguo, soketi hii huchomolewa bila hatari yoyote.