Bango halisikiki? Jinsi ya kutumia elimu ya mawasiliano kutatua shida ya mtaa

Ushaona bango limeandikwa MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA halafu chini yake taka zimejaa mpaka nguzo haionekani? Wengi tukiona hivyo tunasema watu ni wabishi, tuongeze herufi ziwe kubwa zaidi. Waliosomea mawasiliano wao wanaanzia kwingine kabisa, na kwa kweli tukiwaiga tutaokoa nguvu nyingi sana.

Anza na maswali ya Harold Lasswell, msomi wa Marekani wa siasa na mawasiliano, aliyaandika 1948 na mpaka leo yanafanya kazi: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na matokeo yake ni nini. Chukua karatasi ujibu kuhusu lile bango. Nani anasema? Halina jina, haijulikani. Kwa nani? Kwa kila mtu, yaani kwa hakuna mtu. Ukikaa pale jioni moja tu unaweza kukuta wanaotupa ni watoto wametumwa na ndoo kubwa kuliko wao, na bango lenyewe liko juu ya vichwa vyao, sasa unamkataza nani?

Ukishajua unayeongea naye, tafuta yeye anamsikiliza nani. Hapa ndo penye kazi yenyewe. Mwaka 1940 mtafiti Paul Lazarsfeld na wenzake walifuatilia wapiga kura wa kaunti ya Erie, jimbo la Ohio huko Marekani, kipindi cha uchaguzi wa rais, wakitegemea kuona redio na magazeti yanavyogeuza watu, kumbe wengi walikuwa wanavutwa zaidi na watu wao wa karibu, wale wanaofuatilia habari halafu wanawapelekea wenzao. Kwa hiyo kabla hujaprinti chochote pita nyumba kwa nyumba uulize, "ukiwa na shaka na jambo huwa unamuuliza nani?" Fika hata watu ishirini, utaona majina yanaanza kujirudia, na mara nyingi siyo la kiongozi. Kaa na hao. Usiwape maneno ya kukariri, waulize wao wangelisemaje.

Halafu jamani kimya cha mkutanoni msikihesabu kuwa watu wamekubali. Elisabeth Noelle-Neumann, mtafiti wa Ujerumani, alilieleza hili 1974, mtu akihisi mawazo yake yako peke yake ananyamaza asije akatengwa, na akinyamaza yeye na mwingine naye anazidi kuogopa. Gawa vikaratasi watu waandike bila jina, ndo utajua kwamba pengine hawana pa kutupia.

Mwisho lile swali la matokeo, ambalo karibu kila mtu analiruka. Hesabu mifuko iliyotupwa pale kabla hujaanza, hesabu tena baada ya wiki mbili, siku ile ile na saa ile ile, na isipopungua usipandishe sauti, rudi kwenye "kwa nani".