Kupima na kuchimba fanya juu kwa fremu ya A

Mama mmoja wa Kilungu, kule Makueni, aliniita mwezi Agosti nimsaidie kuchimba fanya juu. Mwaka uliotangulia yeye na wanawe walikuwa wamechimba mitaro miwili, na mvua ya Novemba ikaikata yote miwili, mahindi yakaenda na maji hadi kwa jirani. Nilipoitazama sikuona ubaya: kina kizuri, tuta limeshindiliwa vizuri. Kasoro ilikuwa kwenye mstari. Ulikuwa ukishuka polepole, jicho halioni, na maji yote yakawa yanakimbilia kona moja.

Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye kupima. Kuchimba, watu wa Ukambani hawahitaji kufundishwa na mimi.

Kwa asiyeijua: fanya juu ni mtaro unaofuata kontua, yaani mstari ambao kila sehemu yake iko kwenye kimo kimoja, na udongo wake unarushwa upande wa juu uwe tuta. Udongo unaosombwa na mvua unakwama nyuma ya tuta, na miaka ikipita shamba linajitengeneza ngazi lenyewe. Fanya chini ni kurusha udongo upande wa chini. Mgongo unapona, lakini ngazi zinachelewa, na kwenye shamba la mahindi mimi siipendekezi.

Hatua ya 1: Tembea shambani na majirani

Kama unaweza, nenda mvua ikinyesha. Dakika kumi ukiwa na gambuti miguuni zitakuonyesha maji yanaingilia wapi kuliko asubuhi nzima ya kuuliza maswali kiangazi. Mara nyingi yanatoka barabarani au kwenye njia ya ng'ombe, si kwenye shamba lenyewe. Yakiwa hivyo, kazi ya kwanza ni mtaro mkubwa wa kuyakinga juu kabisa ya shamba, na uyapeleke mahali penye nyasi ambapo hayatadhuru mtu.

Hapo ndipo jirani anapoingia. Kule Kilungu jirani wa chini ni ndugu wa marehemu mume wa yule mama. Alikuja akasimama mpakani, mikono nyuma, akasema: "Shemeji, ukinifungulia maji tena mwaka huu tutaonana kwa chifu." Tukamwomba atembee nasi, aonyeshe mwenyewe maji yalimpitia wapi. Mwisho wa matembezi alikubali mtaro wa mwisho uendelee mita kadhaa ndani ya shamba lake. Usianze kupima kabla mazungumzo hayo hayajaisha. Na usiende kwa amri. Wazee wa huku wamelelewa na hadithi za matuta ya lazima ya wakoloni, na za mwaka 1938, Muindi Mbingu alipowaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe kwa kisingizio cha kuokoa udongo. Mtu akikwambia "tutaona", jua hajakubali.

Hatua ya 2: Jua mteremko

Vuta kamba ya mita 10 kuelekea chini, uiweke usawa kwa pimamaji ya fundi, kisha pima kutoka ncha ya chini ya kamba hadi ardhini. Ukipata mita 1.5, mteremko ni asilimia 15. Hesabu ninayotumia: gawa asilimia kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3, hiyo ndiyo tofauti ya kimo, kwa mita, kati ya mtaro na mtaro. Kwa asilimia 15 inakuja karibu mita 1.7, yaani mitaro itaachana kama mita 11 na nusu. Kwa asilimia 10 ni mita 13 na nusu, kwa asilimia 5 karibu 20.

Hatua ya 3: Fremu ya A

Kuna wanaopenda pimamaji ya kamba, ile ndogo inayoning'inizwa katikati ya uzi kati ya fito mbili. Ni ya haraka kwenye shamba kubwa, sikatai. Lakini inataka watu watatu, upepo unaichezea, na ikisogea kidogo tu kutoka katikati ya uzi inakudanganya bila wewe kujua. Programu za simu sizitaki hata kuzisikia. Fremu ya A ni fito tatu, misumari, uzi na jiwe, na mama mwenyewe anabaki nayo nikishaondoka.

Miguu iwe ya mita 2, na nafasi kati ya nyayo mita 2. Fito ya tatu ipigiliwe kukatiza miguu, mahali ambapo uzi utakuwa umeshuka karibu mita 1 kutoka kileleni. Jiwe lining'inie chini ya fito hiyo, na uzi uiguse kwa mbali tu, ukiilalia, utanata. Hilo ndilo timazi lako.

Sasa kutafuta alama ya usawa. Chomeka vigingi viwili ardhini vikiachana mita 2, usitumie udongo mtupu kwa sababu nyayo zitazama. Simamisha fremu juu yake, jiwe litulie, weka alama uzi unapokatiza fito. Kisha igeuze: mguu wa kushoto ukae palepale ulipokuwa wa kulia. Weka alama ya pili. Usawa uko katikati ya alama hizo mbili: uzi ukikaa hapo, nyayo zote mbili ziko kwenye kimo kimoja, nawe unachomeka kigingi na kusogea hatua inayofuata. Watu wengi wanaweka alama moja tu kwa kuangalia kwa macho na kusema inatosha. Haitoshi. Hesabu ni hii: uzi ukiwa na urefu wa mita 1 hadi fito na alama ikakosea kwa sentimita 1, kila hatua ya fremu inashuka sentimita 2. Hatua 30 ni sentimita 60, sawa na kina cha mtaro mzima.

Nalijua hilo kwa machungu. Shamba moja huko Mbooni nilipanga mistari mitano, vigingi zaidi ya 150, nikapanda kilima cha ng'ambo nijifurahishe. Mistari yote ilikuwa inalala upande mmoja. Saa sita tulipokwenda kula, watoto walikuwa wamecheza na fremu na msumari mmoja ukalegea. Na kijana aliyekuwa akiishika alikuwa anaibeba tu mbele, mguu uleule ukitangulia kila mara, kwa hiyo kosa likajumlishwa hatua kwa hatua. Tuliving'oa vyote. Siku mbili.

Tangu hapo nina desturi ambazo siachi. Fremu haibebwi, inazungushwa kama mtu anayetembea: mguu wa mbele unabaki kwenye kigingi, wa nyuma unazunguka kuwa wa mbele. Hivyo kosa la hatua moja linafutwa na hatua inayofuata. Alama naitafuta upya kila asubuhi na kila baada ya chakula, hasa kama fito ni mbichi, maana zikikauka hujipinda. Ukiona upepo, jiwe libadilishwe na chupa iliyojaa mchanga, au anza kazi alfajiri. Mahali pa unyayo palainishwe kwa jembe. Bonge moja la udongo linatosha kukupotosha. Na ukifika mwisho wa mstari, rudi na fremu hadi kigingi cha kwanza. Isipofunga, yaani uzi usipokaa kwenye alama ukifika kwenye kigingi hicho, kuna kosa.

Kisha simama mbali uutazame mstari. Kigingi kimoja kilichoruka juu au chini kisogeze. Lakini mwenye shamba akitaka unyooshe mstari ili ng'ombe wa plau wapite vizuri, mkatalie kwa heshima. Shamba likiwa na tumbo, mstari nao uwe na tumbo.

Hatua ya 4: Kuchimba

Anza mtaro wa juu, la sivyo maji ya juu yatabomoa wa chini. Upana sentimita 60, kina 60, na uache sentimita 30 kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi ndani. Ncha zote mbili zifungwe, huku kwetu maji tunayataka. Kazi iishe kabla ya mvua ya Oktoba.

Hatua ya 5: Nyasi juu ya tuta

Kwenye milima yenye baridi panda majani ya tembo. Ukishuka kwenye ukame, makarikari, nayo uipande mvua ya kwanza ikishalowesha udongo. Ndani ya mtaro weka mipapai au migomba.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza, pita na beleshi utazame maji yamesimama wapi. Palipopungua tuta, ongeza siku hiyohiyo. Na usishtuke mwaka wa kwanza ukiona mahindi yaliyo karibu na mtaro yana rangi ya manjano: hapo umechota udongo wa juu ukabaki na ule wa chini usio na rutuba. Yule mama nilimwambia amwage samadi sehemu hiyo, karai moja kila hatua mbili, na msimu wa kwanza apande kunde badala ya mahindi.