Kupunguza mwili kabla ya upasuaji wa saratani: nilivyofanya mimi, mama lishe wa Tandika

Kwanza uliza kama hili linakuhusu. Mwenye saratani ya koo, tumbo au kongosho, ambaye nguo zinampwaya bila yeye kutaka, asipunguze hata kilo. Huyo anahitaji kushibishwa. Mimi nilikuwa na saratani ya mfuko wa uzazi na kilo 108, na daktari wangu ndiye aliyenituma kwa mtaalamu wa lishe. Wala usiahirishe upasuaji ukingoja mizani ishuke. Fanya kinachowezekana ndani ya wiki ulizopangiwa, basi.

Nilielezwa hivi: mafuta ya tumbo humzibia daktari njia, mshono kwenye kitambi ni rahisi kuingia usaha, na mtu mnene akilazwa chali kwa nusukaputi pumzi yake huwa shida. Hawakunitaka niwe kimbaombao. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ilitosha. Ukishuka mbio kuliko hapo unapoteza na misuli, nayo ndiyo itakayokuinua kitandani baadaye.

Mimi ni mpishi, kwa hiyo napima kwa upawa. Wali niliokuwa nakula pawa tatu nikaubakiza mmoja. Nusu ya sahani ikawa mchicha au matembele bila tui, robo iliyobaki maharage, samaki au dagaa. Ugali, ngumi moja. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu: kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi.

Mboga ya protini usiikate kamwe, hata siku huna hamu. Mgonjwa wa saratani hukadiriwa gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ila sisi wanene mwache mtaalamu akokotoe, maana hahesabu kilo zote. Yai moja lina gramu 6 hivi. Dagaa ndio rahisi kwa mfuko, na wanaowadharau shauri yao.

Vinywaji ndivyo vyepesi kuacha. Soda ya mililita 350 hubeba sukari karibu vijiko 9 vya chai. Chai yangu niliinywa kavu bila sukari, tena mbali na mlo: nilikuwa natokwa damu, na majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha na maharage.

Halafu miguu. Tembea dakika 30 kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kaa kwenye kiti imara, inuka bila kujishika, mara 10, asubuhi na jioni. Kwa ajili ya mapafu, vuta pumzi ndefu kwa pua, ishikilie kidogo, itoe taratibu. Na kama unavuta sigara, acha leo.

Mwenye kisukari aongee na daktari kabla hajagusa sahani yake, kwa sababu ukila kidogo huku dozi ya sindano au vidonge ni ile ile, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Majirani nao watakuja na chai za kukata tumbo. Pokea, sema asante shoga, weka kabatini. Nyingi zinaharisha tu. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Kama umeshakunywa chochote cha aina hiyo, mwambie daktari wa usingizi.

Siku chache za mwisho usijinyime tena. Kwa kawaida chakula kigumu huachwa angalau masaa 6 kabla ya upasuaji na maji matupu masaa 2, lakini fuata utakavyoambiwa wodini. Ukishatoka, mizani isukume uvunguni mpaka mshono ufunge: wiki hizo ni za supu ya kuku, mayai na hao dagaa, ule hadi ushibe.