Kabla ya Kufunga Ubao wa Mazoezi ya Kukwea Nyumbani

Sisi tunaokwea mawe hapa Mwanza, mwamba hautusumbui. Granaiti iko vilimani, iko nyuma ya nyumba za watu, na hata ziwani limesimama jiwe la Bismarck. Kinachotupungukia ni nguvu za vidole, na hizo hujengwa nyumbani jioni, kwenye ubao wenye mifereji ya kushikia uliofungwa juu ya mlango. Ubao wenyewe seremala yeyote mzuri atakutengenezea. Kazi iko kwenye nyumba: itakubali kukubeba?

Wa kwanza niliufunga kwenye chumba cha kupanga. Plasta ilikuwa laini, rangi mpya. Nikatoboa matundu manne, nikachomeka vile viplastiki vya kushikia skrubu, nikakaza skrubu za inchi tatu, nikaning'inia. Siku ya tatu ubao ulishuka pamoja nami, nikaangukia mgongo. Nilipougeuza nikakuta skrubu zote nne zimenyooka vilevile, hakuna iliyopinda wala kukatika, na kila moja imevaa kiplastiki chake kilichojaa vumbi jekundu. Nyuma ya plasta ya sentimita mbili kulikuwa na tofali za kuchoma zilizojengewa udongo. Skrubu zangu zilikuwa zimeshikilia udongo. Wiki mbili sikuweza kuinama kuchota maji.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata mbao moja, jua ukuta wako umejengwa kwa nini. Kama aliyejenga yupo, muulize. Kama hayupo, mwombe mwenye nyumba ruhusa (ruhusa hiyo utaihitaji hata hivyo), kisha toboa tundu dogo la milimita sita mahali pasipoonekana na uangalie vumbi linavyotoka. Sentimita mbili za mwanzo ni plasta, usizihesabu kabisa, kwa sababu plasta haishikilii mtu. Baada ya hapo, vumbi jekundu ni tofali ya kuchoma. Vumbi la kijivu lenye mchanga, na drili inayoingia bila kusita, ni tofali ya saruji. Drili ikianza kugugumiza na kugonga kokoto, umefika kwenye zege. Na ikizama ghafla, hapo kuna uwazi au kiungo kibovu, hama.

Unachokitafuta ni zege, na nyumba nyingi zetu zinalo mahali panapofaa kabisa: lenta. Ule mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba juu ya milango na madirisha ulimwagwa ili ubebe, na uko kwenye kimo kile kile ambacho mikono ya mtu mzima inafika akijinyoosha. Toboa katikati ya kimo chake. Nondo kubwa hulazwa karibu na kingo za juu na za chini, katikati ni pasafi zaidi, ingawa unaweza kugonga ringi, yaani nondo nyembamba inayozifunga zile kubwa. Ukigonga chuma, simama. Usikikate, sogea pembeni sentimita kadhaa. Ila usidhani kila nyumba ina lenta iliyozunguka. Zipo zilizowekewa kipande kifupi tu juu ya kila mlango, na zipo zilizowekewa ubao ukafunikwa na plasta, kwa hiyo toboa ujihakikishie. Nyumba mpya isubiri: zege huhesabiwa limekomaa baada ya siku 28.

Ukuta wa tofali za saruji peke yake unaweza kufaa, lakini kwa bolti ndefu inayopita ukuta mzima na kukazwa upande wa pili juu ya bamba la chuma, tuseme la sentimita 10 kwa 10. Hapo tofali linabanwa, halining'inizwi kwa tundu. Ukuta wa udongo, au wa mawe ya matumbawe na chokaa kama nyumba za kale za pwani, usiutoboe kwa kazi hii. Jenga fremu inayosimama yenyewe, ya mbao za mbili kwa sita au ya bomba za mraba zilizochomelewa, yenye miguu mipana. Itakula nafasi, lakini ukihama unahama nayo.

Wengi huniuliza kuhusu kenchi, kwa kuwa ziko juu na zinaonekana nene. Mimi sifungi kitu kwenye kenchi. Zimepangwa zibebe bati na zihimili upepo, na nyingi zimeunganishwa kwa misumari tu. Mtu anayejirusha katikati ya mbao ya chini anaivuta kwa namna ambayo fundi wa paa hakuikusudia. Kisha kuna mchwa, ambaye anakula ndani na kuacha ngozi ya mbao nzima kwa nje. Nondo za dirisha nazo usizijaribu, hata kama mtoto wa jirani anazining'inia kila siku.

Sasa uzito. Mimi nina kilo 70, lakini nyumba haibebi kilo 70 nikijirusha. Mwili unaoshuka na kukamatwa ghafla unavuta mara mbili ya uzito wake, wakati mwingine zaidi. Wolfgang Güllich, mkweaji Mjerumani aliyetengeneza ngazi ya vipande vya mbao mjini Nuremberg mwaka 1988 ili aruke kutoka kipande hadi kipande kwa mikono mitupu, alianzisha zoezi ambalo leo watu wanaliiga nyumbani bila kufikiri kwamba kila mruko ni pigo kwa bolti. Kama mpango wako ni kuruka, fungia kwa ajili ya kuruka tangu mwanzo.

Ubao uliolala bapa ukutani huvuta bolti kuelekea chini, na bolti hulimudu hilo vizuri. Bomba la kujivutia lililotokeza mbele ni habari nyingine. Chukua bomba lililo sentimita 60 kutoka ukutani, na vishikizo vyake vina bolti ya juu na ya chini zilizoachana sentimita 30. Kilo 70 zikining'inia kimya, bolti za juu kwa pamoja zinang'olewa kwa kilo 140. Ukijirusha, kilo 280. Ukitaka kupunguza, sogeza bomba karibu na ukuta, au refusha vishikizo kwenda chini ukutani ili bolti ya juu na ya chini ziachane zaidi.

Kwenye zege ninatumia bolti nne za milimita 10, zile ambazo ukikaza nati shina linatanuka ndani ya tundu. Ziingie sentimita saba au nane ndani ya zege lenyewe, ukiacha plasta, na zikae sentimita 10 kutoka ukingoni, maana zinasukuma pembeni na zinaweza kupasua. Kabla ya kuingiza bolti, puliza tundu, lisugue kwa brashi nyembamba, puliza tena mpaka vumbi liishe. Vumbi likibaki, bolti inashika vumbi. Kwanza funga ukutani kipande kinene cha mbao ngumu, kisha ubao wa mazoezi uukaze juu yake kwa skrubu nyingi. Misumari usitumie popote. Anayeishi karibu na bahari atafute bolti zisizoshika kutu.

Zima swichi kuu kabla ya kutoboa. Waya wa taa mara nyingi hushuka kutoka darini hadi kwenye swichi iliyo kando ya mlango, yaani pale pale unapotaka kufanyia kazi. Chini ya ubao weka godoro, ondoa meza na stuli, na kama kuna watoto, fikiria wataufikiaje ukiwa kazini. Watabembea, hilo halina shaka.

Siku ya kufunga usining'inie. Funga kamba kwenye ubao, tundika mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kisha wa pili, kisha wa tatu, wewe ukiwa umesimama mbali. Acha ilale usiku. Asubuhi angalia sakafuni kama kuna unga uliodondoka, na angalia ufa wowote mwembamba kuzunguka washa, kile kisahani cha chuma kilicho chini ya nati. Pakiwa safi, ning'inia miguu ikigusa chini, ongeza uzito taratibu, halafu jitikise kidogo.

Mwisho, piga mstari wa rangi unaopita juu ya nati na mbao ili uone kama nati inazunguka, na uukague kila mwezi. Kwenye ubao nilionao sasa, nati ya juu kushoto ilisogea robo mzunguko baada ya miezi miwili. Nikaifungua, nikakuta washa imezama kwenye mbao niliyodhani ni ngumu. Nikaweka bamba la chuma chini yake, nikakaza, nikapiga mstari mpya.